Tangazo la asubuhi linafika jioni: je, seva yetu imezidiwa?

SWALI: Tunaendesha orodha ya barua pepe ya wanachama wa ushirika wetu, kama 40,000, kwa Mailman (programu ya kusimamia orodha) na Postfix (programu ya seva inayotuma barua). Tangazo la asubuhi wengine hulipata jioni, hasa wenye Gmail. Fundi wetu ameongeza RAM, akapandisha idadi ya miunganisho, na akaweka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kupiga postqueue -f, amri ya kulazimisha barua zote zilizo kwenye foleni zijaribiwe tena papo hapo, kila baada ya dakika 5. Hali imezidi kuwa mbaya. Naambatisha mstari wa logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva.

JIBU: Ondoeni hiyo cron leo, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kisha tuusome mstari wako: delays=7195/0.1/1.2/0.8, status=deferred (imeahirishwa), na jibu la Gmail 421 4.7.28, yaani kukataliwa kwa muda. Namba ya kwanza ya delays, kwa sekunde, ni muda ambao barua imekaa ikingoja zamu, karibu saa mbili. Ya tatu ni kuunganishwa na Gmail, ya nne ni kukabidhi barua. Hizo mbili jumla yake ni sekunde 2. Seva yenu haijazidiwa hata kidogo. Imefika mlangoni, ikaambiwa na Gmail kwamba inaleta barua nyingi kupita kiasi, irudi baadaye.

Hapa ndipo ninapochoka na mafundi wa kukisia. Kila barua ikichelewa wanakimbilia RAM, au wanaisukuma foleni kwa nguvu. Postfix ikikataliwa kwa muda hungoja sekunde 300, na ikikataliwa tena huongeza subira hadi sekunde 4,000. Subira hiyo imewekwa makusudi. Ukipiga postqueue -f kila mara, unaifuta: barua zote zilizokwama zinarudi kwa mpigo, zinagombea nafasi na tangazo jipya, na Gmail inazidi kukushuku. Nyaraka za Postfix zenyewe zinaonya juu ya jambo hili, lakini nani anazisoma?

Pigeni amri ya qshape deferred muone ni vikoa gani vimekwamisha foleni. Kwa Gmail, tengenezeni njia yake ya kutumia ndani ya master.cf (faili la mipangilio la Postfix), na miunganisho ya pamoja ishuke kutoka 20 za kawaida hadi 4 au 5. Anwani zinazojibu 550 5.1.1 (hakuna mpokeaji huyo) ni mfu; washeni uchakataji wa barua zinazorudi ndani ya Mailman ili ziondolewe zenyewe.

Lakini kiini ni sifa yenu mbele ya Gmail kama watumaji. Tangu Februari 2024, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chake), barua za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kagueni pia kwamba anwani ya IP ya seva ina rekodi ya PTR, inayoonyesha jina la seva kutokana na anwani hiyo.

Sasa wamezuka wauzaji wa anwani mpya za IP, wanaoahidi kumaliza tatizo kwa siku moja. IP mpya haina sifa yoyote. Ukiimwagia barua 40,000 siku ya kwanza itazuiwa haraka kuliko ile ya zamani. Hao hao huuza na orodha za anwani zilizookotwa mitandaoni, na malalamiko yanayofuata hupeleka barua za ushirika mzima kwenye folda ya taka. Akija kwenu mtu wa namna hiyo, mpeni kwanza mstari huo wa logi autafsiri. Akishindwa, msimpe nywila ya seva.