Mtoto Mwenye Pepo na Pointi 4 za Uhai

Wiki jana kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia saa sita usiku: "Kaka, nataka kuwachezesha wenzangu hadithi ya mtoto aliyepagawa. Nianzie wapi?" Ujumbe ulinikuta nikifagia nta ya mishumaa mezani, sauti imenikauka. Nilikuwa nimetoka kuendesha hadithi ya namna hiyo hiyo kwa saa tano, na hakuna mchezaji aliyegusa simu yake. Hata mmoja. Nilimjibu kwamba nitamwandikia kwa kirefu, na hii ndiyo barua yenyewe. Nanyi wengine someni, maana najua kila anayepita hapa ana ndoto ya kuwa na meza ambayo watu wataizungumzia mwaka mzima.

Kama umeingia kwa bahati tu, mchezo ni huu: watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi. Mmoja, sisi tunamwita mwenye meza, anasimulia dunia yote na kusema kwa sauti ya kila mtu mwingine aliyemo. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, mwaka 1974, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson.

Sisi hapa Kisumu hatukuanza na dadu za pande 20. Tulianza na vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba kwa kalamu nene, ndani ya mfuko wa kitambaa. Unatia mkono, unatoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Kila namba ina nafasi 1 kati ya 20, sawasawa na dadu, mradi ukirudishe. Tulicheza miezi miwili kabla ya kugundua kwamba mwenzetu mmoja alikuwa anakificha mfukoni kizibo namba 1, kile kibaya kuliko vyote, kila zamu yake ilipofika. Mhusika wake hakuwahi kuteleza wala kuangusha silaha. Tulidhani amebarikiwa.

Kanuni nazo hazina gharama siku hizi. Januari 2023, baada ya wachezaji kupiga kelele kila pembe ya dunia, kampuni yenye mchezo iliziachilia kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unazipakua na kuzichapisha bila kumwibia mtu. Mimi nilichapisha kurasa chache tu kwenye saiba moja ya Kondele. Yule dada wa mashine alisoma vichwa vya habari, mizuka, wafu wanaotembea, laana, akaniuliza kama ni masomo ya kanisa. Nikamwambia ndiyo.

Shangazi yangu hakudanganyika hivyo. Alipoona mishumaa na dadu aliuliza, "Hii si ibada ya shetani?" Simlaumu. Yeye ni wa kizazi kilichomwona Rais Moi akiunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada za shetani nchini, na huko Marekani kwenyewe, miaka ya 1980, wazazi na wahubiri waliuandama mchezo huu kwa tuhuma hizo hizo. Nilimwekea kiti. Akakaa nusu saa, akanywa chai yake, akaondoka akisema kelele ni nyingi lakini shetani hayumo.

Sasa niungame.

Hadithi ya wiki jana ilikuwa jaribio langu la pili. La kwanza lilikuwa miaka mitatu iliyopita, na liliniharibia meza. Nilikuwa nimejaa kiburi, nakiri. Nilikuwa nimetazama sinema nyingi za mapepo na nikajiona najua kutisha. Niliandaa ramani, niliandaa ukungu, niliandaa kinu kibovu na baba mwenye kinu anayelia mlangoni. Nilichoandika kuhusu mtoto mwenyewe kilikuwa mstari mmoja: "Mtoto, miaka saba, ana mzuka. Pointi 4." Pointi 4 ni uhai wa mtu wa kawaida katika kanuni zile, raia asiye shujaa. Sikumpa hata jina.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na nitalirudia hili mpaka mchoke: mpe mtoto jina.

Tazama kanuni zinavyosema. Mzuka ukitaka kumwingia mtu, mtu huyo anarusha dadu kujiokoa na anahitaji kufikisha 13. Akishindwa, ameingiwa. Na mzuka hutoka kwa njia chache: wenyewe ukiamua, au ukikemewa kwa uwezo wa kasisi dhidi ya wafu, au ukitolewa kwa uganga mkubwa unaomtaka kasisi wa ngazi ya 9 (ngazi ni kiwango cha uzoefu wa mhusika), au mwili ulioingiwa ukifika pointi 0 za uhai. Soma tena hiyo ya mwisho. Wahusika wetu walikuwa ngazi ya 3. Aliyecheza kasisi hakuja siku hiyo, mvua ilimkwamisha Ahero. Njia iliyobaki mezani ni ipi?

Walikuwa pia hawajui mzuka ni wa nani, kwa kosa langu lingine. Ushahidi wote niliuficha kwenye barua moja ndani ya kinu, na kuipata kulihitaji 15 kwenye dadu, bila nyongeza. Piga hesabu: ni namba 6 tu kati ya 20, yaani asilimia 30. Hadithi nzima niliifungia nyuma ya mlango unaofunguka mara 3 kati ya 10. Mchezaji akarusha, ikaja 4. Baada ya hapo walizunguka kile kinu karibu saa nzima kama kuku aliyefungwa mguu, na mimi nikijifanya sioni. Siku hizi jambo wasiloweza kuendelea bila kulijua naliweka mahali patatu tofauti, na moja kati ya hayo halihitaji dadu kabisa.

Basi walipochoka, mtoto akatokea kwenye ngazi za kinu. Na hapa nilijitia ufundi. Nikasimulia mwili unavyokakamaa, macho yanavyogeuka weupe, povu mdomoni, miguu inavyopigapiga sakafu. Nilitumia dakika nzima. Mchezaji wetu mmoja, mtu wa kanuni sana, akainua mkono: "Nampiga kwa upanga, lakini simuui. Akifika 0, mzuka unatoka." Alikuwa sahihi kabisa. Kwa upanga wake alirusha dadu ya pande 8 kupima jeraha, ikatoka 6. Mtoto akaanguka na mzuka ukatoka. Nikasema, kwa furaha ya kijinga, "Mmemwokoa."

Hakuna aliyeshangilia. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, tuliyeanza naye enzi za vizibo, alikunja karatasi yake mara mbili, akasema ana safari asubuhi, akatoka. Nilidhani ni safari kweli. Siku ya nne ndipo aliponiandikia. Mdogo wake ana kifafa. Kabla ya kufikishwa hospitali alizungushwa kwenye maombi miaka miwili, anakemewa pepo, na safari moja alichapwa ili pepo atoke. Nilivyomsimulia yule mtoto ngazini, povu, macho, miguu, nilikuwa nimemsimulia mdogo wake. Na kisha tukampiga upanga, mchezo ukampa kila mtu ushindi.

Sikumjibu siku hiyo. Wala ya pili. Kwanza nilijitetea kichwani kwamba ningejuaje. Nilipoomba msamaha hatimaye, zilikuwa zimepita wiki mbili, na msamaha uliochacha nao una harufu yake. Alisema yameisha. Tukikutana Kibuye tunasalimiana vizuri, ananiuliza kuhusu mama, namuuliza kuhusu kazi. Mezani hajarudi. Karatasi ya mhusika wake, mwindaji mwenye jicho moja, bado iko kwenye faili langu, na mikunjo yake miwili.

Kwa hiyo msiniambie "ni mchezo tu." Huku kwetu pepo si kitu cha sinema. Kila mtaa una nyumba iliyowahi kukesha ikimkemea mtu. Ukileta mtoto aliyepagawa kwenye meza ya Kisumu, jua kuna mtu pale anayemfahamu mtoto huyo kwa jina. Uliza kabla. Siku moja kabla ya kucheza, waite watu, eleza kitakachokuwemo, uliza nini kisiwemo kabisa na nini kipite nyuma ya pazia bila kusimuliwa. Halafu weka kadi mezani yenye alama ya X. Utaratibu huo ni wa Mmarekani John Stavropoulos: yeyote akiigusa kadi, jambo lile linarukwa papo hapo, na haulizwi sababu. Niliwahi kuicheka kadi hiyo, nikisema ni ya watu laini. Ningekuwa nayo siku ile, rafiki yangu angenyoosha kidole kimoja tu.

Jaribio la pili sasa, maana najua ndilo mlilolifuata.

Nilianza na jina. Nilimwita Awiti. Wajaluo mezani waliguna mara moja, kwa wengine nikaeleza: Owiti au Awiti ni jina la mtoto "aliyetupwa." Mama ambaye watoto wake waliotangulia wamekufa, akijifungua, mtoto anawekwa njiani kama ametupwa, na mtu aliyepangwa anamwokota na kumrudisha, ili kifo kidhani hana mwenyewe. Nikaketi na jina hilo wiki nzima. Je, kama siku ile aliyetangulia kupita njiani hakuwa yule aliyepangwa? Hadithi yote ikatoka hapo. Pepo wangu hakumwingia mtoto kwa ubaya. Anasema, na anasema kwa upole, jambo ambalo liliwanyamazisha watu wangu kuliko povu lolote: "Mlimtupa. Mimi nikamwokota."

Kisha nikampa Awiti kitu anachotaka kisichohusiana na pepo. Anataka kujifunza kuendesha mtumbwi, na kaka yake anamkatalia. Basi. Nusu saa ya kwanza wachezaji walikuwa naye tu ufukweni, mzima, msumbufu, akiwaibia omena. Yule wa kanuni, yule yule wa upanga, akamfundisha kupiga kasia. Giza lilipoingia na Awiti akageuka na kuongea kwa sauti ya mtu mzima, hakuna aliyenitazama kuniuliza ana pointi ngapi.

Hakukuwa na povu wala mwili kukakamaa. Alikaa tu, akafunga fundo kwenye kamba ya wavu, moja baada ya jingine, akimwita kila mmoja kwa jina ambalo mhusika wake hakuwahi kulitaja.

Kwa kelele nilitumia sufuria. Mtu wa kando ya ziwa anajua: nyawawa, yaani mizimu, wakipita jioni, watu wanagonga masufuria na mabati mpaka wapite. Niliwapa wachezaji sufuria na miiko, nikawaambia kijiji kizima kinagonga, nanyi gongeni. Tuligonga. Mama mwenye nyumba hapa Migosi akaja kugonga mlango kwa nguvu kuliko sisi. "Mnafukuza nyawawa saa nne usiku, mnawapeleka kwa nani? Kwangu?" Nikamwomba radhi, na wachezaji wakacheka mpaka machozi. Baada ya kicheko kile, kimya kilichofuata kilikuwa kizito mara mbili. Sikukipanga, ila nitakiiba siku nyingine.

Kanuni ya pointi 0 sikuifuta. Niliiacha pale pale, kila mtu aijue, na nilihakikisha zipo njia nyingine tatu zinazoonekana. Kasisi alikuwepo safari hii na angeweza kukemea. Ila mtu wa kanuni ndiye aliyeinua mkono, nikashika roho, akauliza: "Yule aliyepangwa kumwokota, alilipwa nini?" Nikamjibu: kuku. Akasema, "Na huyu amelipwa?"

Nilikuwa na kurasa sita za maandalizi na swali hilo halikuwemo. Nikasimama nikazima taa ili nipate muda wa kufikiri.

Vijana wangu, andaeni, lakini msiwe watumwa wa maandalizi. Acheni kutafuta njia ya kutisha zaidi. Mtu anayetaka kutisha watu na anaendelea kuandika "mtoto, pointi 4" bado hajajua anafanya nini, na nasema hivi nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho. Jina kwanza. Kitu anachotaka. Kisha pepo. Wachezaji wakimpenda mtoto, hofu watajiletea wenyewe. Na waulize kabla, waulize hata kama mmecheza pamoja miaka kumi, hasa kama mmecheza pamoja miaka kumi.

Nilipiga picha ya meza baada ya kumaliza, masufuria, vizibo, kadi ya X isiyoguswa, nikamtumia rafiki yangu wa zamani pamoja na swali lile la kuku, bila maneno mengine. Alijibu kesho yake: "Aliyelipa kuku ni nani?" Nikamwambia. Akatuma kicheko.

Kijana wa Kakamega, nimekuchosha. Anza na jina, na ukifika kwenye fundo la wavu niandikie watu wako walifanya nini. Wangu walitoka usiku kutafuta kuku kijiji kizima, wakamkuta jogoo mmoja tu, wa kaka yake Awiti, na kaka hauzi. Walimpata kwa kumwahidi kwamba dada yake hatagusa mtumbwi wake tena, na Awiti amesikia. Jumamosi tunaendelea, saa nane mchana, mama mwenye nyumba amesema tumalize kabla ya saa mbili.