Jibu la swali la wiki: Msisubiri abaki mzee mmoja

Nimeliona swali la wiki hii la jarida lenu, kwamba wazee waliopigana Vita ya Pili ya Dunia wanakwisha, je sisi tutawakumbukaje? Najua mtaletewa minara, mtaletewa barabara zibadilishwe majina, na lazima atatokea mtu wa mbio za hisani zenye tisheti. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ila mi naona kabla ya mnara kuna kazi hatujaimaliza, ni kazi ya kalamu na daftari, na tukiendelea kuichelewesha hiyo minara yote itakuwa ya watu ambao hatujui walikuwa nani.

Angalieni wenzetu wa Ulaya walivyofanya na Vita ya Kwanza. Ufaransa walijua kabisa kwamba wao amebaki mzee mmoja, Lazare Ponticelli, Mtaliano wa kuzaliwa aliyedanganya umri ili ajiunge na jeshi mwaka 1914. Serikali ikataka kumzika kitaifa, yeye akawa anakataa, baadaye ndo akakubali kwa masharti kwamba heshima iwe ya wote waliokufa na isiwe sherehe kubwa ya kwake yeye, akafariki Machi 2008 akiwa na miaka 110. Uingereza walikuwa na Harry Patch wa mahandaki ya Passchendaele huko Ubelgiji, huyo alikaa kimya miaka 80 hivi ndo akaanza kuongea, akaondoka 2009. Halafu kuna huyu mama ambaye mi ndo ananifikirisha kuliko wote, Florence Green. Alifariki Februari 2012 na dunia nzima ikatangaza kwamba ndiye mwanajeshi wa mwisho wa Vita ya Kwanza. Kazi yake ilikuwa nini? Mhudumu wa mesi ya maofisa kwenye kambi za ndege za huko Norfolk, alijiunga Septemba 1918 akiwa na miaka 17, vita imebakiza miezi miwili. Alikuwa anapeleka chai na sahani. Na amehesabiwa, na ni sawa kabisa ahesabiwe, maana alivaa sare na jina lake liliandikwa siku ya kwanza.

Sasa rudi huku.

Vita hiyo hiyo ilipiganwa kwenye ardhi yetu, kuanzia Tanga Novemba 1914, ikashuka Mahiwa 1917, ikaingia Msumbiji, hadi kamanda wa Mjerumani, Lettow-Vorbeck, anasalimisha silaha Abercorn (ndo Mbala ya Zambia ya leo) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Hakukuwa na barabara za kueleweka, wanyama walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Wapagazi upande wa Mwingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, na wengi hawakuuliwa na risasi, ni kuhara damu, malaria, njaa na kubebeshwa mzigo huku unaumwa. Wengi wao majina hayakutunzwa popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina na pengine hawakukumbukwa kabisa, na waziri wao wa ulinzi akasimama bungeni akaomba radhi. Radhi miaka 100 baadaye. Kwa hiyo mpagazi wa mwisho wa vita ile alizikwa na majirani wakarudi shamba, hakuna gazeti lililoandika, na wala lisingeweza maana lingejuaje?

Ukipita Nairobi pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za askari na mpagazi, maandishi yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwambia askari kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Jina! Na hapo kwenye sanamu hamna jina hata moja. Mi kila nikiliwaza hilo huwa nacheka kwa hasira.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu wale askari Waafrika wa Mjerumani. Waliachiwa mwaka 1918 bila mishahara yao kamili, wakabaki wanadai, na mwaka 1964 ndo bunge la Ujerumani Magharibi likaamua walipwe waliobaki. Inasemekana ofisa wa benki alifungua dirisha Mwanza, wakaja wazee kama 350 hivi, wenye vyeti ni wa kuhesabu, wengine wameshika vitambaa vya sare za zamani, wengi mikono mitupu. Atajuaje nani mkweli? Akatafuta ufagio. Mzee mmoja mmoja anaitwa mbele, anakabidhiwa ufagio, anapigiwa amri za kwata kwa Kijerumani, bega silaha, toa heshima, na kisa kinasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Miaka 46 imepita na mikono bado inakumbuka.

Watu wakisimulia hiki kisa huwa wanaishia hapo kwa furaha. Mi huwa najiuliza, mpagazi je? Tuseme naye alikuja siku ile. Umpe ufagio akuonyeshe nini? Yeye hakufundishwa kwata, alitwishwa ratili zake 50 akaambiwa tembea. Ufagio ulimtambua ombasha na shaushi, yaani askari wenye vyeo, mtu wa mzigo angerudishwa nyumbani kama tapeli. Na hii ndo shida yangu na habari nzima ya kumtafuta "mpiganaji wa mwisho", anayepatikana ni yule ambaye kazi yake ilikuwa na karatasi au na kwata, wengine wanakuwa kama hawakuwepo.

Haya, tuje kwa wazee wenu wa swali, wazee wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki. Tanganyika ilitoa karibu watu 87,000 kwenye Vita ya Pili, wakaenda Uhabeshi, wakaenda Madagaska 1942, halafu Burma (ndo Myanmar ya leo), ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944 hadi kuvuka mto Chindwin Desemba. Aliyekuwa na miaka 18 vita inaisha amezaliwa 1927, pigeni hesabu wenyewe.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mzee wa Burma jirani. Ukimwomba hadithi ya vita unategemea bunduki, yeye anakupa matope. Maruba yanayopanda ndani ya buti, nguo ambazo hazikauki wiki nzima, nyumbu aliyeteleza korongoni na chumvi yote ya kikosi, na namna mtu anavyokunja blanketi ili lisiloe. Nadhani aliwahi kumtaja Mjapani mara chache sana. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kiliishia kwa mchwa. Nishani yake, Nyota ya Burma, ilibaki, ile ya ncha sita yenye utepe mwekundu katikati na bluu pembeni iliyopitiwa na mstari wa rangi ya chungwa, wajukuu wakawa wanachezea. Sasa ukiigeuza nyuma, hamna kitu. Nishani za Vita ya Kwanza Mwingereza alikuwa anachonga jina pembeni, zile nyota za Vita ya Pili akazitoa bila jina. Kwa hiyo siku mwenye nayo akifa na cheti hakipo, ile nyota haina tena mwenyewe, inaweza kuwa ya yeyote, na mnunuzi wa vyuma chakavu naye anajua hilo.

Malipo nayo yana mambo yake. Mwaka 2019 Al Jazeera walionyesha nyaraka kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi, askari Mwafrika akipewa karibu theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo hicho hicho. Mnaotaka kuwakumbuka kwa mashairi tu, hiyo nayo iwekeni ndani ya shairi.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona kwenye TV Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, halafu mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Ni tendo zuri na nisingependa liguswe. Lakini shoka linawekwa kwa dakika moja na wengi hawajui aliyelishika alipigana wapi, mtangazaji hana muda huo, anakimbilia shada la maua la mabalozi.

Kwa hiyo jibu langu. Senegal walikuwa na mzee Abdoulaye N'Diaye, askari wao wa mwisho wa Vita ya Kwanza, Ufaransa ikapanga kumvika nishani yake kubwa kabisa tarehe 11 Novemba 1998, mzee akafariki tarehe 10. Mmeelewa? Hapo ndo kumsubiri wa mwisho kunapofikisha watu. Mi nasema tusimtafute wa mwisho, tuandike wote, walio hai na waliokufa, na tusianze na wenye nishani. Tuanze na wapishi, madereva, wachunga nyumbu, wabeba machela, na wanawake waliobaki kulima miaka mitano bila kujua kama mume yuko hai, wapo walioletewa barua na wapo ambao hawakuletewa chochote. Mtendaji wa kata ana daftari la kila kitu mpaka mbuzi, hashindwi kuongeza ukurasa. Walimu wa historia wawape watoto kazi ya likizo, nenda kwa bibi, uliza nani kwenye ukoo alikwenda Keya, alirudi lini, alirudi na nini. Mwenye cheti apige picha mbele na nyuma, maana namba ya jeshi ndo ufunguo, ukiwa nayo mafaili yanatafutika, ukiwa na jina peke yake utakutana na kina Juma na Ali elfu moja. Nishani zifungwe na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, leo leo, kwa kalamu ya wino.

Na nyie jarida msijitoe. Mna ukurasa wa nyuma ambao kila wiki unajaa nyota za bahati na utabiri wa ndoa. Toeni nusu yake, wekeni majina ya wazee, kijiji alichotoka, kazi aliyofanya, basi, hakuna haja ya picha wala sifa. La kwanza naweza kuwatumia mimi hata kesho, la yule mzee wa matope.