Ukiziba bagi ya kerneli, anzia kwenye shina

Jamani leo niwaambie kitu ambacho kingeniokolea msimu mzima kama ningekijua mapema, hasa nyie mnaohudumia mashine za Linux huku nyanda za juu, mashine za mtumba ambazo kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa Linux, zinaisikia tu.

Kuna AMCOS (ushirika wa wakulima) moja ya kahawa Mbozi nawaangalizia kompyuta. Mzani wao umeunganishwa kwa waya wa USB, na kila karani akichomoa waya mashine inaganda, wakulima wako foleni na magunia yao kwenye baridi ya Julai wanasubiri izimwe iwashwe tena. Kerneli ilikuwa toleo 5.10. Nikafukua draiva, yaani programu inayoongea na mzani, nikakuta waya ukichomoka inaachia memori wakati kuna kazi ya nyuma haijaisha, sasa kazi ile ikiamka inagusa memori ambayo si yake tena. Nikaongeza mstari mmoja tu, cancel_work_sync, yaani isubiri kazi iishe kwanza ndo memori iachiwe. Ikatulia, nikapanda kosta nikarudi zangu Uyole.

Msimu uliofuata wakaleta mashine nyingine yenye 6.1. Mzani ule ule, waya ule ule, ikaganda! Bagi, yaani lile kosa la kodi, ilikuwa bado ipo kule juu kwenye kerneli kuu, mimi nilikuwa nimeiziba kwenye mashine moja tu.

Ndo maana nasema peleka kwanza kwenye shina, kwenye kerneli kuu ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambako matoleo yote yanatoka. Kina Greg Kroah-Hartman wanaotunza matoleo ya zamani kanuni yao ni hiyo hiyo, pachi (marekebisho ya kodi) iwe imeshaingia kule kwanza, na isizidi mistari 100, kwa hiyo usichanganye na kupanga panga kodi upya. Chini andika Fixes: na herufi 12 za mwanzo za namba ya komiti, yaani badiliko la kodi, iliyoleta bagi, ili wajue ishuke mpaka toleo lipi. Kama huijui tumia git bisect, inayogawa komiti nusu kwa nusu mpaka ikute yenye kosa, komiti 1000 unazimaliza kwa kujaribu mara 10 hivi.

Kilichonitesa zaidi ni 5.4, maana stoo kwao kulikuwa na mashine bado inaitumia. Pachi ilishuka vizuri matoleo mengine, hapo ikagoma, nikaihamisha kwa mkono na git cherry-pick -x (amri inayonakili komiti na kuandika ilikotoka), ikajengeka bila onyo hata moja nikafurahi kweli. Nachomoa waya, mashine kimya, imeganda. Kumbe kwenye 5.4 draiva inashika loki (kufuli linaloruhusu mmoja tu kwa wakati) muda wote wa kuchomoa, na ile kazi ya nyuma nayo inataka loki hiyo hiyo, basi huyu anamsubiri huyu mpaka kesho. Ikabidi niachie loki kwanza ndo nisitishe kazi.

Kwa hiyo kujengeka tu kusikudanganye, washa toleo lenyewe uchomoe waya kwa mkono wako, mimi nilichomoa mara 50 kila toleo. Na kwenye maelezo ya pachi nikaandika wazi kwa nini ya 5.4 haifanani na ya shina, maana atakayekuja kuisoma hakuwepo pale stoo.