Kwa anayeanza kazi ya kuchoma msitu kwa mpango

Wiki ya kwanza tu mtu atakuuliza: mnazuiaje moto kwa kuwasha moto? Usimcheke. Mweleze kwamba moto kichaa hupata nguvu kwa nyasi kavu, majani na vijiti vilivyorundikana chini ya miti, na sisi tunavipunguza siku tuliyoichagua wenyewe, upepo ukiwa mpole na unyevu ukiwa bado upo. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani iliagiza kila moto wa msituni udhibitiwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Wakazima kweli, kuni zikazidi kujazana. Waaborijini, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Australia, walikuwa wamezoea kuchoma kiangazi kinapoanza, kipande hiki leo, kile kesho.

Lakini wanaotupinga nao wana hoja. Aprili 2022, huko New Mexico, Marekani, moto wa mpango ulituponyoka sisi watu wa kazi hii. Ukaungana na mwingine uliotokana na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari. Makaa yalijificha ardhini, theluji ikayapita juu, yasife. Zikaungua zaidi ya ekari 340,000, na nyumba za watu zimo humo.

Kuwasha ni rahisi. Anzia upande ule upepo unakoelekea, ili moto urudi nyuma taratibu ukipambana nao. Washa kwanza kipande kidogo, uutazame moshi. Ukilala kuelekea kwenye makazi, zima mrudi nyumbani, hata kama gari limeshajazwa maji na watu wamefika. (Watanung'unika. Waache.)

Shida iko kwenye kuzima. Mimi liliniumbua gogo moja: juu jeusi, baridi, nikalivuka mara mbili nikiandika kwamba eneo limepoa. Siku ya tatu upepo ukavuma, likaanza kufuka kutoka ubavuni. Tangu hapo navua glavu, napitisha mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa, kisha nalibingirisha gogo niangalie chini yake. Visiki ndivyo vibaya zaidi, maana moto huingia mizizini, ukapita chini ya barabara ya moto (ukanda uliosafishwa ili moto usivuke) na kutokeza ng'ambo. Chimba, mwaga maji, koroga na udongo mpaka uwe tope, halafu pitisha mkono tena.

Mkiambiwa kazi imekwisha, uliza nani anarudi kesho kukagua. Wakitazamana, jiandikishe wewe.