Mzee haigizi uzee: niliyojifunza nikimtungia shangazi igizo la muziki

Shangazi yangu alikuwa msanii wa kikundi cha utamaduni Dar es Salaam, enzi za vikundi vya Muungano na Mandela, kabla kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) hakijaingia mwaka 1992 na ushindani kuwaka moto. Kwa ambaye hakuzikuta siku zile: kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho, tamthilia na taarab, kuanzia jioni hadi usiku mwingi. Msanii yule yule aliyecheza sindimba ndiye aliyebadili nguo akawa mama mkwe kwenye kichekesho, kisha akapanda tena na gauni la kumetameta kuitikia taarab. Shangazi alifanya yote hayo. Nilipoamua kumtungia igizo la muziki alikuwa na miaka 71 na goti linalomuuma.

Kama nawe una mzee wa aina hiyo na unataka kumpandisha jukwaani, usianze nilipoanzia mimi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na kuzaliwa kwake, ikaenda mwaka baada ya mwaka. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huo ni wasifu wa marehemu. Mimi niko hai."

Tukaivunja. Badala ya miaka tukafuata mpangilio wa onyesho lao wenyewe. Ngoma ikabeba utoto wake na mafundisho ya unyagoni. Sarakasi ikabeba ujana, wakati mwili hauogopi kitu. Jambo lililomuuma kuliko yote, siku kikundi chake cha mwisho kilipovunjika na wasanii wakarudi nyumbani bila malipo, tuliliweka ndani ya kichekesho. Niliogopa sana uamuzi huo, lakini yeye ndiye aliyeusisitiza. Watu walicheka, wakacheka, halafu wakaelewa wanachokicheka, ukumbi ukawa kimya. Hakuna hotuba ambayo ingelifikisha jambo lile namna hiyo.

Sasa uigizaji wenyewe. Binti aliyemwigiza uzeeni alikuwa na miaka 24. Tulimpaka unga kichwani, akainama, akatetemesha mikono. Shangazi akasimamisha mazoezi. "Mzee haigizi uzee," alisema. "Mzee anauficha." Akatuonyesha. Anapotaka kuinuka kitini, kwanza anaanzisha maneno, anakuuliza habari za nyumbani, ili umtazame usoni wakati mkono wake unautafuta mkono wa kiti. Akishasimama anatengeneza kanga, kumbe anangoja goti litulie. Binti alikaa naye siku nne akiangalia tu, bila kuandika chochote. Aliporudi mazoezini unga tukauacha, hatukuuhitaji tena.

Sauti nayo ina umri wake, na ni lazima uuheshimu. Wimbo wa mwisho aliuimba shangazi mwenyewe, na mpiga kinanda alitaka kuupiga kwa kimo kile kile cha sauti kilichokuwa kwenye kaseti ya zamani. Shangazi alipofika mistari ya juu sauti ikakatika, na macho yake yakajaa machozi. Wimbo haukuwa umemshinda, sisi ndio tulikuwa tumeupandisha mno. Tukaushusha, tukarefusha vipande vya ala katikati ya beti apate pumzi, na mistari ile ya juu tukawapa waitikiaji. Mkwaruzo wa sauti yake tuliuacha kama ulivyo. Mkumbuke Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki Aprili 17, 2013: aliimba akiwa ajuza, na ule ukavu wa sauti ndio uliowafanya watu wanyamaze wamsikilize. Mazoezi ya mzee yasizidi saa moja, na ngazi za jukwaa zikague wewe mwenyewe kabla yake.

Ridhaa usiichukulie kwa mazoea eti kwa sababu ni ndugu yako. Nilimsomea kila ukurasa kwa sauti. Kuna ndoa moja aliyoniambia niitoe, nikaitoa, ingawa tamthilia ilipoteza tukio lenye nguvu. Maisha ni yake. Na fungu lake la mapato tulikubaliana kwa maandishi kabla ya mazoezi ya kwanza, kwa sababu wasanii wa rika lake wamewahi kuahidiwa mengi kwa mdomo.

Jambo moja sikulipanga. Katika taarab watu huinuka kumtuza mwimbaji, na usiku wa onyesho waliinuka wakampelekea noti yule binti, katikati ya tukio, huku shangazi amekaa safu ya mbele akisubiri zamu yake ya kuimba. Binti hakuwa ameelekezwa. Alishuka ngazi akiendelea kuimba, akapiga magoti, akazimwaga noti zote mapajani mwa shangazi. Waliokuwa kwenye foleni ya kutuza wakageuka, wakamfuata pale pale alipokaa. Shangazi akaanza kuinuka, akamuuliza binti habari za nyumbani.