Kabla ya kuchora mshale, shukeni chumba cha makarani

Vijana wangu, nimeuona tena mchoro ule wa hatua za kazi, mnaouchora kabla ya kujenga mfumo wa kompyuta. Safari hii umetundikwa katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha hapa mjini: kila idara na mstari wake, almasi kila penye uamuzi, BPMN 2.0, ile kanuni ya kuchora hatua za kazi, isiyo na dosari. Nikauliza swali moja tu: faili hufunguliwa kabla meli haijafika bandarini Kilindini au baada? Wakatazamana. Vikao vyote walikuwa wamekaa na mkurugenzi. Chumba cha makarani hakuna aliyekitia mguu.

Nawapenda, na kwa kuwa nawapenda nitasema kwa ukali kidogo.

1. Anza na anayelishika faili, kisha uende kwa anayelitia saini. Mkurugenzi atakueleza kazi kama alivyoiagiza, naye hadanganyi. Lakini karani ndiye anayejua kwamba mteja wa Kampala hutuma picha ya ankara kwa WhatsApp usiku, kwamba DO, hati ya kampuni ya meli ya kuachia mzigo, hufuatiliwa huku entry, yaani tamko la forodha, ikisukumwa kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, mamlaka ya kodi, bila moja kungoja nyingine, na kwamba dereva hupigiwa simu mapema kabla gharama za bandari hazijalipwa, maana asipowahiwa atachukua mzigo wa mtu mwingine. Kaa naye kutwa nzima. Nenda na kalamu, laptopu iache.

2. Kisanduku cha lazima. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Kampuni moja, jina lake halina haja, ilitaka mfumo utakaoifuata kila shehena tangu mteja anapopiga simu mpaka kontena linapotoka getini. Waliousanidi walikuwa vijana hodari. Meneja akawaambia amechoshwa na faili nusunusu, anataka taarifa kamili tangu mwanzo. Wakamtii. Fomu ya kufungua faili ikadai namba ya BL, ile hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, namba ya kontena, uzito, thamani ya ankara na PIN ya kodi ya mteja, vyote kwa mpigo, la sivyo kitufe cha kuendelea hakibonyezeki.

Sasa nyinyi mnaijua kazi hii. Faili likifunguliwa BL bado ni rasimu, na pengine hata kontena halijapakiwa. Karani afanye nini, na mteja yuko kwenye simu? Mama mmoja, mkongwe tangu Simba, mfumo wa forodha wa kabla ya iCMS, ilipoingia mwaka 2005, alikuwa akimfundisha msichana mgeni: “Mwanangu, tia sufuri zote, itapita.” Ikapita. Wengine wakatia nukta. Dashibodi ikang'aa kijani, meneja akafurahi, na picha yake ikapelekwa kwa wakurugenzi.

Kisha siku moja mfumo ukazikataa sufuri, kwa kuwa kuna kijana alikuwa ameongeza sharti kwamba namba ianze na herufi. Mama yule akachukua namba ya kontena kutoka faili la zamani, akaibandika, akakusudia kurudi kuirekebisha. Mezani kwake kulikuwa na mlima wa mafaili. Hakurudi. Na mfumo, kwa jinsi ulivyopangwa, baada ya kodi kulipwa ulipeleka wenyewe ombi la lori kwa watu wa usafiri ukitumia namba ile ile. Lori likaenda kufuata kontena lililokwisha kuondoka zamani, likarudishwa getini. Kontena lenyewe la mteja limekaa, siku za bure zinakwisha, huku ada ya hifadhi ya bandari inapanda na kule demareji, faini ya kampuni ya meli kwa kukawiza kontena lake, inapanda. Kwenye skrini kila kitu kijani. Aliyegundua ni mteja.

Mama akaitwa akakemewa mbele ya wenzake, akiwemo msichana aliyekuwa akimfundisha. Nilikuwepo. Mpaka leo bado inaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la fomu: ilimdai kitu ambacho duniani bado hakikuwepo. Makarani hawakuuamini mfumo tena. Wakarudi kwenye Excel na daftari la kaunta, na fedha za mradi zikaishia hapo.

Dawa yake ni rahisi. Kila taarifa idaiwe kwenye hatua ambayo haiwezi kufanyika bila hiyo. Kufungua faili: mteja na aina ya mzigo, basi. BL idaiwe pale entry inapoandaliwa. Namba ya kontena idaiwe kabla ya kuomba lori, na hapo ikaguliwe kweli: kwa kiwango cha ISO 6346 ni herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutoka herufi na tarakimu kumi zilizotangulia. Hesabu hiyo hukamata kidole kilichoteleza. Namba iliyonakiliwa kutoka faili jingine haitaikamata, kwa hiyo mfumo uulize pia kama kontena hilo limo kwenye shehena nyingine, na kama BL ya shehena hii inalitaja.

3. Chora kwanza siku mbaya. Mzigo umetakiwa kukaguliwa, sistimu ya KRA iko chini, mteja hajalipa, kampuni ya meli haijaachia DO. Wekeni hali ya “inasubiri”, na lazima iseme inamsubiri nani. Niliona ripoti ya ucheleweshaji ikiwapanga makarani kwa majina, wa mwisho akawa bwana anayeshughulikia mizigo ya vyakula na mimea. Ya kwake hupita mikono ya KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, na ya afya bandarini, ya wenzake ni vipuri. Hakuwa mvivu hata kidogo. Ripoti iliyotenganisha muda wake na muda wa kungoja wengine ilimweka miongoni mwa wepesi kabisa, na ndugu yangu yule ndiye aliyewavuta wenzake wote kwenye mfumo.

4. Kila idhini iwe na naibu, na kiasi ambacho chini yake haihitajiki kabisa. Ijumaa saa saba bosi yuko msikitini na simu ameizima, kama inavyopasa, lori lisimsubiri.

5. Arifa chache, kwa mwenye kazi tu.

6. Hamishieni kwenye mfumo mpya mafaili yaliyo wazi tu. Yaliyofungwa yabaki yalipo.

7. Vitambulisho na PIN za wateja visizagae kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, kwa hiyo msiseme hamkuisikia.

8. Msiwashe mfumo kwa kampuni nzima, wala mwisho wa mwezi wakati wahasibu wanahangaika na ankara. Chagueni timu moja, tuseme ya mizigo ya Uganda, na mchague mteja mmoja wao mwenye subira. Wiki hiyo hamieni chumbani kwao. Karani akikuita, usimwonyeshe pa kubonyeza. Muulize alikuwa anataka kufanya nini, andika jibu kwa maneno yake, na jioni hiyo hiyo urekebishe fomu ili kesho akiifungua aone umemsikia.