Muulize Kocha: Wakala Anataka Laki Mbili Nimpeleke Mwanangu Uturuki

Swali: Kocha, shikamoo. Naishi Likoni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na feri. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, acheza winga. Mwezi uliopita bwana mmoja alimfuata uwanjani baada ya mechi, akamwambia yeye ni wakala na atampeleka Uturuki kwa majaribio. Ataka shilingi 200,000 za viza, tiketi na gharama za faili. Sasa kijana hataki shule, asema nafasi kama hii haiji mara mbili. Babake ni marehemu. Ametuachia kiwanja kidogo Msambweni na nimeshapata mnunuzi. Niuze?
*Mama Kijana, Likoni*

Jibu: Marahaba, dadangu. Usiuze. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako imekaa siku nne kabla sijaifungua, na nachelea huyo mnunuzi keshaanza kupima.

Kijana wako ana miaka 17. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Mianya ipo michache, kwa mfano mzazi akihamia nchi ile kwa shughuli isiyohusu mpira, au kijana wa miaka 16 kwenda juu anayehama ndani ya Umoja wa Ulaya. Mtoto wa Likoni anayepanda ndege peke yake kwenda Uturuki hayumo. Hata acheze vipi kwenye hayo majaribio, klabu haitaweza kumsajili mpaka atimize 18. Wakala wa kweli angelijua hilo kabla hajakutajia pesa.

Kisha muulize leseni. Tangu 2023 FIFA imerudisha leseni za mawakala. Hufanyiwa mtihani, na majina ya waliofaulu yako kwenye tovuti yao, yeyote aweza kuyatafuta. Muombe jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha kijana mwenyewe alitafute kwa simu mkiwa mmekaa pamoja. Na hata mwenye leseni hana ruhusa ya kumwendea mtoto kabla ya kupata idhini ya mzazi kwa maandishi. Wewe hukuandika chochote. Alimvizia mtoto wako uwanjani. Mawakala hula kwenye mkataba, mchezaji akishalipwa. Anayetaka kula kwenye sinia lako la mahamri simuiti wakala.

Nikueleze kwa nini nasema kwa ukali hivi. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa na miaka 19, juu ya boneti ya pikapu nje ya uwanja, jua la saa nane, kwa kalamu ya kuazima. Ulikuwa na kurasa tatu. Nilisoma ule wenye mshahara tu. Msimu wa pili goti langu la kushoto likageuka mazoezini, nikasikia mlio kama kuti kavu likivunjika. Klabu ikaniambia wao hulipia majeraha ya siku ya mechi, ya mazoezini ni juu yangu. Nikaenda kuutazama mkataba, na kweli ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa pili, chini kabisa. Mamangu akauza cherehani yake nikapigwe picha ya goti. Alikuwa akishonea watu madera, ndiyo iliyotulisha. Nilikaa kizingitini na mguu nimeunyoosha, nikaiangalia ikitolewa mlangoni na kufungwa kamba kwenye mkokoteni. Mamangu hakusema neno. Basi nikisoma kwamba kuna mama ataka kuuza kitu kwa ajili ya mpira wa mwanawe, siwezi kujibu polepole.

Kuhusu shule, kijana atakutajia Victor Wanyama, mchezaji wetu wa Kenya aliyefika Uswidi akiwa mdogo. Mwambie Wanyama alimkuta kakake, McDonald Mariga, kwenye klabu ileile ya Helsingborg. Wako atamkuta nani? Na wewe mtajie Michael Olunga, mshambuliaji wa Kenya. Alikuwa akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya huku akicheza ligi ya hapa nyumbani. Alipokwenda Djurgården ya Uswidi mwaka 2016 alikuwa ameshapita miaka 20, na ameshaifungia klabu ya Gor Mahia mabao ya kutosha. Mwaka 2019, akiwa Kashiwa Reysol ya Japani, alifunga mabao 8 katika mechi moja. Mwaka uliofuata alifunga 28 katika ligi kuu ya huko, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Huyo ndiye aliyechelewa?

Wala simwambii kijana aache ndoto. Mji huu wa Mombasa una mpira wa zamani. Klabu yetu ya Feisal walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 1965, na wazee wa Majengo bado hawajachoka kuyasimulia. Akivuka feri, Mbaraki si mbali, na huko ndiko nyumbani kwa klabu ya Bandari. Mwaka 2019 Bandari walichukua ngao ya FKF, shirikisho la mpira la Kenya, wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika, wakawatoa Wasudani na Watunisia kabla ya kusimamishwa na Horoya ya Guinea. Aanze kwa kuonekana hapo.

Na hakikisha timu yake ya sasa imemsajili kwa karatasi. Mchezaji akija kununuliwa kwenda nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12. Kocha wa mtaani akilijua hili, ataweka kumbukumbu za mtoto wako vizuri, na siku hiyo zitawafaa wote wawili.

Usimnyang'anye daluga, dadangu. Ukimnyang'anya atamkimbilia huyo bwana. Subiri mahamri yaishe, mkae wawili, umsomee barua hii.

Swali: Kocha, nina miaka 20, nimesaini mwaka wa kwanza na klabu ya daraja la pili. Miezi miwili sasa hatujalipwa. Wenzangu wasema tusiende mazoezini. Nifanyeje?
*Beki, Changamwe*

Jibu: Mwanangu, nenda mazoezini. Ukikosa, watasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kanuni za FIFA zasema mchezaji asiyelipwa mishahara miwili akiidai klabu kwa maandishi, akaipa siku 15 na isilipe, ana sababu ya haki ya kuondoka. Wewe wacheza nchini, kwa hiyo kabla hujahesabu siku wapelekee KEFWA, chama cha wachezaji, mkataba wako wausome kwanza. Kudai kwa mdomo kwenye benchi hakuhesabiki. Andika barua leo, weka tarehe, taja miezi na kiasi. Toa nakala mbili, na usitoke ofisini mpaka wakugongee muhuri ile utakayorudi nayo nyumbani.